Kikapu Alichokiacha Mama

Jumanne, 8 Januari

Leo nimekitoa stoo kikapu cha Mama. Miezi miwili tangu tumzike na hakuna mtu aliyekigusa. Ndani: glavu moja isiyo na mwenzake. Kofia ya kitoto ya mwanangu Hlynur — na Hlynur sasa ana ndevu. Soksi tatu. Tatu! Shali iliyoliwa na nondo pembeni. Na chini kabisa sweta la kijivu: kiwiliwili tayari, mikono yote miwili tayari, ila havijaunganishwa. Mkono mmoja umefungwa kipande cha uzi mwekundu. Nimekikata nikakitupa. Mwishoni alikuwa akifunga nyuzi kila mahali, hata kwenye vijiko.

Nimeapa. Jua likirudi juu ya mlima unaolificha majira yote ya baridi, kikapu kiwe kitupu. Sitaki urithi wa nusu nusu.

Asubuhi gari la theluji limesafisha barabara nzima, kisha likaja kumwaga kila kitu mbele ya mlango wetu. Nimepiga koleo saa nzima. Mkono wangu wa kushoto umeanza kuuma, kama kila baridi inapokaza. Ketill amesema ningemsubiri. Ukimsubiri mume wangu, theluji itayeyuka yenyewe mwezi wa tano.

Ijumaa, 11 Januari

Steinvör amepiga simu kutoka Reykjavik, mji mkuu. Dada yangu huyo hapigi simu bure. Amezunguka hali ya hewa, amezunguka mgongo wa Ketill, kisha akatua: lile sweta la kijivu nimeliona? Ni lake. Mama alimwambia mwenyewe kwenye simu mwaka jana kwamba anamfumia Steinvör sweta. Anataka kulivaa kwenye karamu ya Thorri, ile ya katikati ya baridi, ofisini kwao. Atakuja kulichukua Ijumaa, tarehe nane Februari.

"Wewe una mkono mwepesi, mdogo wangu," amesema. "Na huko kwenu jioni ni ndefu."

Jioni ni ndefu! Kana kwamba jioni za huku zinamwagwa bandarini, kila mtu ajichotee.

Wanasema asiyekuwepo na lake halipo. Waongo. Steinvör hakuwepo miaka kumi na moja, na lake lipo, tena la sufu safi. Mimi ndiye niliyemwogesha Mama, nikamkata kucha, nikamtafutia meno yake kwenye sufuria. Steinvör alikuja Krismasi nne, na maziko. Na mwaka wa mwisho Mama akaanza kuniita mimi Steinvör. Steinvör nipe maji. Steinvör funga dirisha. Mwanzoni nilimsahihisha. Baadaye nikawa naleta maji tu.

Nimekipekua kikapu mara ya pili, mpaka chini. Changu hakuna. Hata soksi.

Nimemwambia sawa, nitalimaliza. Kwa nini nimesema sawa?

Jumatatu, 14 Januari

Glavu imepata mwenzake. Soksi zimekuwa nne. Ketill anatazama mpira wa mikono na kuipigia kelele timu ya taifa kana kwamba wamo jikoni kwetu. Nimepoteza hesabu ya vitanzi mara mbili. Nimemwambia akahamie kwa timu yake.

Theluji tena. Koleo tena.

Jumamosi, 19 Januari

Nimeanza sweta. Nimeilaza mikono yake mezani, sambamba, niiunganishe na kiwiliwili — kumbe hailingani! Mmoja umepungua vidole vitatu. Mama, aliyewafumia mabaharia nusu ya mji huu, aliyeweza kufuma gizani huku akimgombeza baba! Vitanzi vya kuupanua mkono huo ameviongeza karibu karibu, kwa haraka, kwa hiyo huwezi kuurefusha kwa kuongeza mistari ya juu tu. Utakaa kama mguu wa kuku.

Hapo hasira zikanipanda. Sijui hata zilikuwa za nani. Za Mama, aliyekuwa ananipotea huku nikimwangalia. Za Steinvör, ambaye hakuona lolote kati ya hayo na bado atavaa. Nimeshika ncha ya uzi nikavuta. Ukafumuka wote, mpaka kwenye kiwiko, mpaka kwenye kifundo. Dakika tano hivi. Sijui yeye ulimchukua wiki ngapi. Ketill amechungulia kutoka sebuleni, akaona uzi umejaa sakafuni, akarudi kwenye mpira wake. Mara moja moja huwa na akili.

Nimeanza upya. Mrefu, sawa na mwenzake. Dada atapendeza. Yeye na mimi tumevaa kipimo kimoja tangu utotoni — yaani alichokichoka yeye ndicho nilichovaa mimi.

Ijumaa, 25 Januari

Siku ya Waume. Nimempikia Ketill kichwa cha kondoo kilichobabuliwa, viazi vya kuponda, na kipande cha papa aliyevundikwa kinachonuka hadi kwa jirani. Amekula, amefurahi, amelala kwenye kochi mdomo wazi. Mimi na sindano zangu.

Kabla hajalala aliniuliza swali. "Mbona unalifuma kama unalipiga?"

Mkono mpya umekwisha, nimeuunganisha, na sasa nazunguka mabega: kijivu, nyeupe, nyeusi, maua ya Mama yaleyale. Kazi nzuri, siwezi kujidanganya. Ndiyo inayoniudhi zaidi.

Jumatatu, 28 Januari

Lazima niandike polepole.

Jua limerudi leo. Dakika nane juu ya mlima, saa sita na nusu. Mji mzima umekaanga chapati laini za jua kama kila mwaka, watoto wametolewa darasani waje kulishangilia. Mimi nilikwenda kwanza kwenye bwawa la kuogelea, kwenye lile beseni kubwa la maji moto wanamokaa watu kadhaa. Na humo, maji yamemfika shingoni, kofia ya sufu kichwani: Bibi Oddný! Alilazwa hospitali ya Akureyri kwa nyonga tangu Septemba, hata maziko hakuyawahi. Miaka hamsini yeye na Mama walifuma pamoja kila Alhamisi, kahawa katikati yao.

Tumelia kidogo. Ndani ya maji haionekani. Halafu akauliza kuhusu kikapu. Nikamwambia vimebaki vichache: shali, na sweta la Steinvör.

"La Steinvör lipi?"

Lile la kijivu, nikasema.

"Lile lenye mkono mmoja mfupi?" Akanitazama. "Hilo ni lako, mwanangu."

Nikamwambia hapana, Mama alisema kwa kinywa chake kwamba ni la Steinvör. Bibi Oddný akatikisa kichwa.

"Mwaka huo alikuwa anamwita nani Steinvör?"

Mimi. Yeye akaendelea, taratibu, maana anachoka haraka sasa. Alhamisi moja Mama alilitoa koti langu kwenye msumari wa jikoni, akaikunjua mikono yake, akalaza uzi juu yake. Kulia, kisha kushoto. Vidole vitatu. Akamfanya Oddný ahesabu naye. Na kila Alhamisi iliyofuata aliuliza tena ni vidole vingapi. Mwisho akafunga uzi mwekundu kwenye ule mfupi, asije akauona siku moja akadhani amekosea, akaufumua.

Uzi mwekundu. Akaufumua.

Nilitoka kwenye beseni bila kuaga. Jua lenyewe sikuliona, nilikuwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo, nimekaa na taulo. Miaka arobaini na tano nakunja mkono wa kushoto wa kila nguo ninayonunua. Nakunja bila hata kufikiri, kama unavyopangusa miguu mlangoni. Na sweta liko mbele yangu, mkono mmoja mfupi, na sikuona! Kwa sababu lilikuwa la Steinvör. Kwa sababu nilishaamua.

Jumanne, 29 Januari

Hasira hasara. Hiyo tu.

Jumatano, 30 Januari

Niandike na hili, maana halijaandikwa popote.

Nilikuwa na miaka tisa. Vuli, siku ya kuwatenganisha kondoo waliotoka milimani. Steinvör, miaka kumi na mitatu, aliambiwa ashike lango la zizi. Aliliacha akaenda kuongea na kijana wa shamba la ng'ambo. Kondoo dume wawili wakatoka kwa pamoja, nami nilikuwa kati yao na nguzo, wakanivunja mkono wa kushoto. Njia ya bondeni ilikuwa imefungwa kwa theluji, daktari alifika siku ya nne. Mfupa ukaunga ulivyotaka wenyewe.

Nyumbani ilisemwa kuwa upepo ulifungua lango. Baba alisema. Steinvör alisema. Mama alinyamaza, na mimi nikadhani kunyamaza kwake ni kukubali. Namkasirikia hata sasa, na yuko kaburini. Ungesema, Mama! Mara moja tu, mezani, Steinvör akiwepo. Badala yake ukachukua sindano.

Nimefumua mabega yote. Nimefumua mkono nilioufuma mimi, ule mrefu. Ketill amenisaidia kushika uzi, mikono yake miwili mbele kama mfungwa. Nimemweleza yote. Amesema nimwambie Steinvör liliungua, nikae nalo. Ni mtu mwema, lakini ana akili ya kuficha samaki chini ya barafu. Sitaki kulificha. Limefichwa vya kutosha.

Koti langu liko mezani, mikono imekunjuliwa. Nimepima kama alivyopima yeye.

Jumatatu, 4 Februari

Dhoruba siku ya tatu. Umeme unakuja na kuondoka. Gari la theluji halijapita, kwa hiyo leo angalau hakuna wa kunirundikia. Nimefuma tangu asubuhi karibu na dirisha. Mkono mfupi umekwisha. Uzi uliofumuliwa mara mbili umejikunja kunja, haulali vizuri, na mfumaji yeyote ataona ulipopita. Acha uonekane.

Vitanzi nimeviongeza karibu karibu, palepale alipoviongeza Mama. Havikuwa vya haraka. Vilikuwa vimehesabiwa.

Steinvör ametuma ujumbe: barabara ikifunguka anakuja Ijumaa, nimwandalie na glavu kama zipo. Glavu! Shukrani ya punda ni mateke, nilimsikia Mama akisema hivyo juu ya baba. Nimejibu: njoo.

Alhamisi, 7 Februari

Limekwisha. Nimeficha ncha zote, nimeliosha, nimelilaza juu ya taulo karibu na hita. Kwenye kifundo cha kushoto nimefunga uzi mwekundu. Ule wa kwanza nimeutafuta hadi kwenye mfuko wa mashine ya kufyonza vumbi. Sikuupata. Huu ni mwingine.

Sijalivaa. Nilitaka. Nimesimama mbele yake kama mtoto mbele ya keki, kisha nikaenda kupiga koleo.

Ijumaa, 8 Februari

Amefika saa nane mchana. Koti jipya, manukato, keki ya dukani. Amenibusu, amesema nimekonda, amesema nyumba bado inanukia Mama. Hapo sauti yake ilikatika kidogo, na nusura nimwonee huruma. Nusura.

Kisha akauliza liko wapi.

Nimempa. Amelishika, akapitisha kidole kwenye maua ya mabegani, machozi yakamjaa machoni. "Yaani hata mwishoni alikuwa ananifikiria," amesema. Nimemwambia akalijaribu chumbani kwa Mama, kwenye kile kioo kirefu. Amekwenda anaimba chini chini.

Ketill amevaa buti akatoka, eti kuangalia mashua. Mashua iko bandani tangu Oktoba.

Nimeweka kahawa jikoni na kukaa na daftari hili ili mikono iwe na kazi. Nimemsikia akipitisha kichwa. Mkono wa kulia. Wa kushoto. Kisha nikasikia sufu ikivutwa, mara moja, mara mbili, kama mtu anayedhani nguo imekunjamana tu.

"Fríða? Mbona huu wa kushoto mfupi?"

Kahawa inachemka.

Hajavuta tena. Haimbi tena. Kitanda cha Mama kimelia, maana yake amekaa. Muda unakwenda. Kahawa imepanda, imemwagika kwenye jiko, sijainuka.

"Fríða," ameita tena, sauti ya chini kabisa, sauti ya msichana wa miaka kumi na mitatu. "Huu uzi mwekundu ni wa nini?"

Namsikia anasimama. Anakuja.

Nje hakuna upepo hata kidogo.