Bega Nililolidanganyia

Rumonge, Jumatano jioni

Bega linauma kuliko jana nilipotibiwa. Mama anayetibu maungo kwa mikono alinionya kwamba litauma siku mbili, kisha litalegea. Nilitegemea anivute mpaka mifupa ilie, kama kwetu Fizi, lakini alinibonyeza polepole tu.

"Papa, unafanya kazi gani?"

"Mlinzi."

Nilimdanganya. Ningesema nasukuma mti wa mtambo wa kukamua mawese, angenikataza, na patroni angeweka mtu mwingine siku hiyohiyo.

"Vizuri, papa. Kesho kaa kwenye kiti chako, usinyanyue kitu."

Kiti gani? Leo nimesukuma tangu asubuhi, na sasa vidole vinakufa ganzi.

Kesho nitapita kwake kwanza, nimwambie ukweli. Patroni akinifukuza... Lakini mkono ukifa, atanifukuza vilevile.