Orodha ya Chakula Isiyo na Mgeni

Jumapili jioni, Nyakoe. Mvua iliyoanza saa tisa imekatika sasa hivi. Nguo nilizoanika asubuhi zimelowa tena, kwa sababu mume wangu na watoto walisikia mvua wakadhani ni ya majirani. Mimi sikuwepo. Nilikuwa Birongo kwa mama mkwe, nimerudi ninanuka moshi wa jikoni kwake, na sibadilishi nguo hadi nimalize kuandika.

Wiki tatu hizi sijaandika chochote hapa. Nilikuwa na aibu.

Wanaonisoma kwa mara ya kwanza wajue hivi. Mimi ni mtunza stoo katika duka la vifaa vya ujenzi mjini Kisii. Kazini kwangu msumari haupotei. Ukiniuliza mabati yamebaki mangapi, nitakujibu bila kuinuka kitini. Lakini mwanzoni mwa mwaka huu niliinama kufagia chini ya kabati la jikoni kwangu nikakuta vitunguu vimeota majani, viazi vimelegea, na nusu ya kabichi ambayo sikukumbuka kuinunua. Nilicheka peke yangu, kisha nikaacha kucheka. Mwezi ulikuwa tarehe ishirini na unga ulikuwa umeisha.

Hapo ndipo nilipoanza mpango. Kila Jumapili ninaandika chakula cha wiki nzima nyuma ya kalenda ya zamani na kuigongomea ukutani karibu na jiko. Jumatatu ugali na sukuma. Jumanne ugali na chinsaga, ile mboga chungu ya kienyeji. Jumatano mchele na maharagwe. Hivyo hivyo hadi wiki iishe. Ninanunua kilichoandikwa tu, na unga ninaupima kwa kikombe: watu wanne, vikombe vyao, basi. Mume wangu Nyakundi alinitania kwamba siku moja nitampa fomu ajaze ndipo apakuliwe. Alitania hivyo hadi mwezi ukaisha na mkebe wa unga bado una uzito, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu tuoane. Akaacha utani, akala.

Nilijiona nimefika. Niliwaeleza wenzangu kazini, nikawaeleza hata wale ambao hawakuuliza.

Sasa mama mkwe. Anaishi Birongo, ana migomba, ana majani chai kidogo, na nyuma ya jikoni ana bustani ya mboga za kienyeji. Kila Jumapili asubuhi, kwa miaka saba, ametutumia kiroba kilichojaa: chinsaga, managu, ndizi mbichi za kupika, na maparachichi ya watoto. Anakipakia kwa mama mmoja jirani yake ambaye huleta ndizi sokoni hapa Nyakoe, na mimi ninakwenda kukichukua. Ni mvua, ni kiangazi, kiroba hufika. Nilikizoea kiasi kwamba sikuwa nikikihesabu kama chakula. Katika orodha yangu kulikuwa na mstari mmoja tu wa mboga zake, Jumanne.

Ni lazima niseme ukweli hapa, maana nisipousema, shajara hii haina kazi. Kila Jumanne nilikuwa ninapika chinsaga sufuria nzima, kwa kukaanga na kitunguu na nyanya nyingi, kama sukuma. Tulikula, nusu ikabaki. Jumatano ilikuwa imeandikwa maharagwe, na maharagwe yalikuwa yamekwisha kulowekwa. Alhamisi ilikuwa na chakula chake pia. Nilipokumbuka ile sufuria, chinsaga zilikuwa zimechacha. Nikazitia kwenye ndoo ya taka na kuifunika. Managu yaliyobaki kwenye kiroba yalikuwa ya njano, nayo yakafuata.

Yaani mpango wangu wa kuzuia chakula kutupwa ulikuwa unatupa chakula cha mama, kila wiki, kwa ratiba.

Wiki tatu zilizopita alikuja mwenyewe. Hakutuambia. Kulikuwa na mkutano wa akina mama wa kanisa lao mjini, ukaisha mapema, akasema apitie awaone wajukuu. Alifika saa nane, sisi tumetoka kula. Kwangu ugali ulikuwa umepimwa na umeisha. Sufuria ilikuwa imelowekwa, na Moraa, mwanangu mdogo wa miaka sita, alikuwa amekula hata ukoko.

Msomaji wa kwetu ameshaelewa. Kwa asiye wa kwetu, nieleze. Kwetu hapa mwanamke hapiki ugali wa kuwatosha watu wake. Anapika wa kuwatosha watu wake na mtu ambaye bado hajaonekana njiani. Mgeni akija baada ya chakula, unamfunulia kipande kilichobaki, na kipande hicho ndicho kinachosema kama alikuwa anatazamiwa au la. Nimelelewa Nyamira, nilijua hayo kabla ya kujua kusoma. Na bado nilisimama mbele ya mama yake mume wangu mikono mitupu.

Nikamwambia, "Mama, keti kidogo tu, nakupikia sasa hivi." Akasema ameshiba. Kuna shibe ya tumbo na kuna shibe ya kukataa kusumbua watu, na mimi ninazijua zote mbili. Alikunywa chai. Akatoka kwenda kunawa mikono nyuma, palipo na ile ndoo ya taka, na siku hiyo kifuniko kilikuwa pembeni. Alirudi ndani akiwa ameona mboga zake zinapoishia. Alisimama mbele ya orodha yangu akaisoma polepole kwa kidole, kutoka Jumatatu hadi Jumapili, kama anavyosoma Biblia.

Kisha akaniuliza, "Na mimi mmeniandika siku gani?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akachukua mkoba wake, akawashika watoto vichwa, akaenda zake.

Jumapili iliyofuata kiroba hakikuja. Nilisimama mbele ya yule mama wa ndizi nikizungusha macho kwenye mizigo yake hadi akanionea huruma. Nikamuuliza kama mama ni mgonjwa. Akajibu, "Yuko mzima kabisa. Amesema nyinyi siku hizi muko na mpango."

Nilirudi nyumbani nikayarudia maneno hayo wiki nzima. Jumapili ya pili, hivyo hivyo. Kwamboka, mwanangu mkubwa, akauliza kama maparachichi ya Magokoro, yaani bibi yake, yameisha. Nyakundi akasema labda bustani imechoka. Kwa mvua hii? Chinsaga zinaota hata njiani. Nilijua kinachoendelea. Mama hakuwa amekasirika kwa kelele, na hiyo ndiyo iliyoniogopesha. Alikuwa anatuondoa polepole kwenye hesabu yake ya wiki, kama nilivyomwondoa yeye kwenye yangu. Mama huyo ndiye aliyenilelea Kwamboka nilipokuwa ninamaliza masomo. Sikuwa tayari kumpoteza kwa sababu ya karatasi.

Nyakundi akasema, "Si uchane tu hiyo karatasi iishe, mama Kwamboka." Nilikataa. Nilisema wazi na ninarudia kusema: sirudi kwenye vitunguu vilivyoota majani chini ya kabati. Mpango ni mzuri. Aliyeuandika ndiye aliyekuwa na kasoro, na mtu mwenye kasoro anaweza kwenda Birongo akafundishwa.

Jana nilipokuwa ninatafuta kitu cha kubebea, nilivuta stuli ya jikoni nikakuta viroba vyake. Vingine vimekunjwa, vingine nilikuwa nimevifanya vya kupangusia miguu mlangoni. Miaka saba. Mama yangu mzazi alinifundisha kwamba chombo cha mwenzako hakirudi kitupu, na mimi sikuwa nimevirudisha hata vitupu. Nilikaa kwenye ile stuli nikalia kidogo. Halafu nikavifua vyote.

Leo asubuhi nikafika kwake na viroba vimekunjwa vizuri, kimoja kimejaa sukari, chumvi, sabuni na mkate. Na ile orodha nilikuwa nimeing'oa ukutani, nimeiweka ndani ya mkoba. Alikuwa jikoni kwake amekaa kwenye kigoda, ana rundo la chinsaga mbele yake. Tukasalimiana. Hakushangaa kuniona wala hakusimama. Alisogeza kigoda cha pili kwa mguu, nikakaa, tukaanza kuchambua majani.

Kuchambua chinsaga ni kazi ya saa nzima, na nadhani Mungu aliiweka ili watu wapate kusemeshana bila kutazamana. Nikamwambia yote. Sufuria ya Jumanne, maharagwe ya Jumatano, ndoo. Nikamwambia samahani. Aliendelea kuchambua. Baadaye akauliza swali moja tu: ninazipikaje. Nilipofika kwenye nyanya, mikono yake ilisimama.

"Nyanya? Ndiyo sababu zinachacha," akasema. "Mtoto wangu, hizi si za siku moja."

Akafunua chungu kilichokuwa pembeni ya moto. Zilikuwa zimebaki za Sabato ya jana. Akanieleza, nami nikatoa kalamu. Alhamisi anazichemsha, anamwaga yale maji machungu, anatia maziwa na kuziacha ziive taratibu. Ijumaa, akiwa anatayarisha chakula cha Sabato, anazichemsha tena na kuongeza maziwa. Jumamosi jikoni hakupikwi kitu, anapasha moto tu, na ndiyo siku wageni wanatoka naye kanisani. Siku hiyo chinsaga ziko kwenye siku ya tatu, uchungu umeisha, zimelainika. Jumapili anakata nyingine, nyingi ni za kwetu.

Nilimtazama. Mwanamke huyu amekuwa na mpango wa wiki kabla mimi sijazaliwa. Hajauandika popote. Na siku nzuri kuliko zote katika mpango wake ameipa mgeni.

Alinipakulia zile za jana na ugali wa wimbi. Sitaki kutia chumvi. Niseme tu kwamba nilikula, nikaongezwa, nikala tena, na nikafikiria sufuria zote nilizomwaga.

Kisha nikatoa ile karatasi na kumpa kalamu. Nikamwambia, "Mama, niandikie siku yako."

Hapo ndipo alipocheka. Alicheka hadi akapangusa macho kwa ncha ya kitambaa chake. Akanirudishia kalamu.

"Mgeni haandikwi siku. Mgeni unamwongezea unga."

Nikamuuliza, na asipokuja? Ule wa ziada si ndio utatupwa? Akanitazama kwa namna ya kuuliza nilisoma shule gani. "Asubuhi watoto hawanywi chai?"

Wanakunywa. Wanakunywa na mkate ninaonunua dukani kila siku, wakati ugali wa jana ukipashwa moto ndio niliokulia mimi na ndugu zangu wote. Nimeketi hapa sasa ninaona jinsi nilivyokuwa mjinga kwa bidii nyingi.

Karatasi mpya iko ukutani tayari. Mkate wa asubuhi nimeufuta siku tano. Chinsaga zimechukua siku tatu badala ya moja, nyanya nimeziondolea mbali, na maziwa yameingia. Maharagwe yamesogea Alhamisi, yatasubiri, hayana haraka. Orodha sasa inaanza na kilichotoka Birongo, ndipo ninajaza mapengo kwa vya kununua. Chini kabisa nimeandika kwa herufi kubwa ili hata Nyakundi aone: KONZI MOJA YA UNGA ZAIDI, KILA JIONI. Kikombe changu cha kupimia sijakitupa. Ninapima kwanza, kisha ninaongeza konzi.

Sitasema yote yameisha. Miaka saba ya viroba hailipwi kwa sukari na sabuni, na sijui kama Jumapili ijayo yule mama wa ndizi atakuwa na mzigo wetu. Mama hakuahidi, nami sikuthubutu kuuliza. Wakati wa kuondoka mvua ilikuwa inaanza, akazitia zile tulizochambua pamoja, zimechemka na zimetiwa maziwa, katika chungu chake kidogo, akakifunga kwa jani la mgomba. Akasema, "Hizi ni za leo. Kesho ongeza maziwa. Usizile zote kabla ya Jumanne." Kisha akaingia ndani.

Nimekipakata njia nzima hadi mapaja yakapata joto.

Ni karibu na daraja tu hapa Nyakoe nilipoelewa alichofanya. Kiroba ungeweza kukikunja ukakisahau chini ya stuli. Chungu hukikunji. Chungu ni chombo cha jikoni kwake, anakihitaji Alhamisi, na anajua kwamba mimi ninajua hakirudi kitupu.

Kiko hapa mbele yangu juu ya meza. Watoto wamekatazwa kukigusa. Kitarudi Birongo Jumatano baada ya kazi, iwe mvua iwe jua, nami bado sijui nitakijaza nini. Ngoja nichukue kalamu. Jumatano haina budi kupangwa upya.