Uso wa Mzee na Neno Moja la Kiingereza

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla Ijumaa haijafika, maana nimemponza daktari wa watu kwa neno moja la Kiingereza.

Mimi ni mtunza wagonjwa majumbani, namtunza mzee aliyepooza upande wa kulia na kupoteza usemi, namwogesha, namlisha, na kila jioni namwandikia binti yake aliye ng'ambo hali ya baba kwa Kiingereza, kwa sababu alikulia huko na Kiswahili chake kinaishia kwenye salamu. Mzee hasemi, kwa hiyo hali yake tunaisoma usoni, na mimi mwanzoni niliandika happy leo, sad kesho, mpaka nikaona haya, dada wa watu atasema baba yake kapewa mtu mwenye maneno mawili kichwani. Nikanunua kamusi. Siku niliyompaka mafuta niliandika kwamba uso wake ni radiant, yaani unang'ara, utadhani bibi harusi, na dada akajibu kuwa naandika vizuri, na hapo ndipo kichwa kilipovimba.

Basi Jumapili mzee alikuwa anasikiliza mpira redioni, timu yake imefungwa mbili, amekunja uso hasa, nami sikutaka kuandika serious kama kila mtu, nikaokota kwenye kamusi neno grave, nikaandika uso wa baba yako leo ni grave, yuko kimya sana, kisha nikazima simu kuokoa chaji. Kumbe neno hilo hilo ni kaburi, na likitajwa karibu na mgonjwa watu wanaelewa kuwa yuko mahututi.

Jumanne dada akaingia na sanduku lenye gauni jeusi. Baba yake mdogo naye keshachapisha picha kubwa ya marehemu, kaileta ndani ya fremu. Wakamkuta marehemu anakunywa supu. Mzee aliitazama picha, akamtazama mdogo wake, akatabasamu upande mmoja, tabasamu la kwanza tangu apooze. Dada alilia, akanikumbatia, akasema nimemrudisha baba yake. Nikamwambia ni Mungu tu, nikaenda kuosha bakuli la supu.

Sasa ananisifu kwa majirani wote. Lakini daktari kijana aliyemwona mzee Jumatatu alisema hali imetulia, na dada anasema daktari huyo hajui kazi, hakuona kwamba mtu anakufa. Ameshaandika barua ya malalamiko, Ijumaa anaipeleka hospitalini. Nikisema ukweli nafukuzwa, nikinyamaza daktari anaharibikiwa. Nifanyeje?

Mtunza Mzee

*

Mtunza Mzee,

Ijumaa yako isingesubiri gazeti litoke, ndiyo maana nilikupigia simu siku ile ile nilipoipata barua yako. Ninayoandika hapa ni kwa faida ya wenzako wanaolala na kamusi chini ya mto.

Huna tatizo la Kiingereza, dada yangu, una tatizo la kupenda sifa. Mzee wa watu kafungwa mbili, wewe ukamzika. Ungeandika serious, au ungesema tu kwamba amenuna kwa ajili ya mpira, binti angecheka na kuendelea na shughuli zake. Hapo nakuonea huruma, ulitaka kumpamba mgonjwa wako kwa maneno mazuri. Ila uliposifiwa kwa muujiza ukajibu ni Mungu tu, usiisingizie kamusi. Ulidanganya.

Nilikwambia ukaseme kabla ya chai ya saa nne, na usianze kwa kulia. Kama ulivyonisimulia baadaye, ulilia kabla hujafika mlangoni, lakini ulisema. Binti akausoma upya ujumbe wa Jumapili, akakuuliza, "Kwa hiyo alikuwa amekasirikia mpira?" Ukaitikia kwa kichwa. Akaichana barua, akaenda jikoni, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi alikwambia amekukasirikia sana, ila hatakufukuza, kwa sababu huu ulikuwa mwaka wa sita akiahirisha safari ya kuja kumwona baba yake, na bila neno lako angeahirisha tena. Usilifanye hilo cheti ukalitundika ukutani. Ilikuwa bahati tu.

Sasa nisikilize. Andika unachokiona: macho yanafanya nini, mdomo umekaaje, na sababu yake. Amechoka ni tired, ana wasiwasi ni worried, ametulia ni calm, na wenye lugha yao wanatumia hayo hayo kutwa nzima bila kuona haya. Happy ikijirudia siku saba, shukuru, maana mzee amefurahi siku saba. Neno jipya likikutamanisha, mwulize binti wakati bado yupo hapo sebuleni, akwambie kama mtu wa kawaida hulisema au hulikuta vitabuni tu.

Na kesho asubuhi nenda kwa yule daktari ukamwombe radhi, hata kama hajui umemkosea nini. Akikukunjia uso, nyamaza, usitafute kwenye kamusi uso huo unaitwaje.