Figa la Mama Nyuma ya Mlango

Jumapili, masika. Mvua imekatika mchana, Kihonda nzima inanukia udongo, na milima imejifunika ukungu mpaka kiunoni.

Mwaka huu nimejianzishia kamchezo. Kila Jumapili nikitoka kanisani nachagua kitu kimoja humu ndani, nakaa nacho, nakitazama kama sijawahi kukiona. Nimeshatazama mwiko, kandambili, ungo uliotoboka. Mume wangu anasema nimekosa kazi. Labda. Lakini tangu nianze, sikaripii watu ovyo kama zamani.

Leo nimechagua jiwe.

Ni figa la mama. Alipoteleza shambani kule mlimani akaumia goti, nilimbembeleza ashuke aje kwangu. Alikuja na kikapu kimoja: khanga zake, rozari, na hili figa, moja kati ya yale matatu anayopikia. Nilicheka. Nikamwambia, mama, kwangu tunapikia gesi.

"Najua," akasema.

Mlango wa jikoni kwangu hujibamiza upepo ukivuma, basi nikalichukua figa nikauzuia. Asubuhi nikalikuta uvunguni mwa kitanda chake. Nikalirudisha mlangoni. Kesho yake, uvunguni tena. Mtu mwenye goti bovu anainama kubeba jiwe zito namna ile, halafu hasemi kitu. Nikadhani ni uzee tu.

Leo ndipo nimelitazama sawasawa. Upande mmoja ni mweusi, ukigusa masizi yanabaki kidoleni. Upande wa pili bado una udongo mwekundu wa kwetu. Juu pamelika kidogo, pamekuwa laini, pale sufuria na vyungu vilipokaa tangu sijazaliwa. Nimelinusa pia, nashukuru hakuna aliyeniona. Linanuka moshi wa kuni. Nikajiuliza swali ambalo ningepaswa kumuuliza siku ile ile alipofika: mengine mawili yako wapi?

Mama alikuwa barazani anachambua majani ya maboga. Nikamfuata.

"Yapo jikoni kwangu," akanijibu.

"Sasa mbona ulichukua moja?"

"Ningeyaacha yote, mtu angepika." Hakuinua macho kwenye mboga. "Akipika leo, akapika kesho, jiko linakuwa lake. Wakiyakuta mawili wanajua mwenyewe katoka, atarudi."

Atarudi.

Juzi tu nilimwambia Deo, mtoto wa mjomba, kwamba akishafunga ndoa ahamie kwenye nyumba ile. Mama sikumuuliza. Watu wote nimeshawaambia amehamia kwangu, na kila nikilisema hilo najiona mtoto mwema. Nampenda. Naogopa ile miteremko. Nataka nikiamka nimsikie anakohoa chumba cha pili. Yote hayo ni kweli, lakini aliyehama ni mama wa kichwani mwangu. Huyu wa barazani amekuja kutibiwa goti.

Na goti lenyewe daktari hajatuahidi kitu. Pengine hatapanda tena mlima. Pengine naye anajua hivyo, na bado kila siku anainama kulibeba.

Anajua? Nimeshindwa kumuuliza.

Nikampigia Deo, nikamwambia nyumba ina mwenyewe, atafute chumba kwingine. Nilijiandaa kwa lawama.

"Sawa, dada. Hata mimi nilikuwa nasita. Nilipita juzi kuiangalia, nikakuta jikoni mafiga mawili. Nikasema mbona shangazi hajahama huyu?"

Kumbe Deo alilisoma jiwe ambalo hakuliona hata kwa macho. Mimi nimelala nalo nyumba moja, nimelipiga teke kila nikipita na ndoo, sikuambulia kitu.

Jioni nimelibeba mwenyewe hadi chumbani kwake. Ni zito kuliko nilivyodhani. Nikapiga magoti nikalisukuma uvunguni, mama amejilaza ananitazama.

"Lisogeze huku kichwani," akasema. "Nilifikie."

Nikalisogeza. Akageukia ukutani, na baada ya muda mfupi nikamsikia anakoroma. Tangu aje sijawahi kumsikia anakoroma.

Sasa upepo umeanza na mlango wa jikoni unajibamiza. Kesho nitautafutia jiwe jingine.