Hatua Zangu Sabini

Jumatano. Mvua ya asubuhi ilikatika mapema, halafu jua likawaka mpaka maji ya majaruba ya mpunga yakawa ya uvuguvugu.

Nyonga zinaniuma. Nimejipaka dawa ya kuchua na kumwambia mume wangu kuwa ni umri. Nimemdanganya.

Kazi yangu hapa Namawala ni kuwapimia vibarua maeneo ya palizi kwenye shamba la mpunga la mjomba wangu. Ekari ni hatua sabini kwa sabini, na hatua zinazohesabika ni zangu. Malipo ya ekari ni yale yale kwa kila mtu, na mjomba hulitangaza hilo kwa sauti. Ila msimu ulipoanza aliniita pembeni. "Wenyeji wapimie kawaida," aliniambia. "Kwa hawa Warundi, nyoosha mguu kidogo."

Nimenyoosha. Wiki ya tatu sasa natembea kama mtu anayevuka mfereji.

Nilijipa moyo kwamba kwao Burundi wangelipwa kidogo kuliko hapa. Na mjomba ameniahidi magunia mawili msimu ukiisha. Hilo nalo acha niliseme.

Wiki iliyopita niliwapimia siku moja Mama Tatu, jirani yangu, na Dafroza, aliyekuja kutoka Burundi na wadogo zake wawili wanaopalilia naye. Ekari moja moja, zimepakana. Mama Tatu na binti zake wawili walimaliza jana. Leo asubuhi Dafroza alikuwa bado, mjomba akamwita mvivu mbele ya watu wote. Asipomaliza kesho, mjomba akasema, asirudi tena shambani kwake.

Nilikuwa nimesimama pale pale. Nikainama, nikajifanya natoa tope kwenye kandambili.

Mchana, wenzake wakila, nilimwona Dafroza anatembea kwenye tuta la pembeni mwa ekari ya Mama Tatu, midomo inahesabu hatua. Akaja akatembea na la kwake. Kisha akanifuata.

"Shikamoo dada. Kwa hatua zangu, kule ni themanini. Kwangu ni tisini na sita."

Nilingoja anishtaki. Nilishaandaa hata maneno ya kumkaripia.

"Sina neno," akasema. "Nilitaka tu kujua kama kweli mimi ni mvivu."

Nilisema naenda kuangalia maji kule chini, nikaenda, na huko chini hakukuwa na la kuangalia. Nimeona aibu leo. Huyu mtu amepalilia zaidi ya ekari kwa malipo ya ekari, halafu ametukanwa kwa kuchelewa, na mimi ndiye niliyemchelewesha.

Magunia yale labda nimeyaaga. Labda na kazi. Mjomba hapendi kuumbuliwa.

Lakini kesho asubuhi, mjomba akiwepo, nitampimia Dafroza upya, kwa mwendo wangu wa kawaida, ule wa kwenda kanisani. Nitahesabu kwa sauti. Na ninajua sabini yangu itaishia wapi: mahali ambapo Dafroza alishapalilia tangu juzi.