Nyongeza ya Mgeni

Tunduma, Jumanne, Juni 2014

Nilibakiza kidogo tu nijue. Hilo linaniudhi kuliko baridi ya chumba hiki cha gesti.

Benki imenituma nizunguke madukani kama mteja wa kawaida, nilipe kwa kadi, nione nani anapandisha bei kwa ajili ya kadi. Leo niliingia duka la vifaa vya ujenzi, nikachagua kopo la rangi, nikamwendea mama muuzaji. Mashine ya kadi ilikuwa kaunta, imefunikwa kitenge.

"Shikamoo mama. Nikilipa kwa kadi, bei ni ile ile?"

"Marahaba. Kwa kadi kuna nyongeza ya..." Akanitazama. "Hebu sema tena."

Nikasema tena. Akacheka, akanisalimu kwa Kindali, lugha ya kwetu Ileje. Lafudhi yangu ilishaniumbua. Nami nikamjibu kwa Kindali, maana mtu mzima akikusalimu kwa lugha ya nyumbani utafanyaje?

"Sasa mtoto wa Ileje nimwongezee bei kweli? Lipa hiyo hiyo."

"Na mgeni je, angeongezewa kiasi gani?"

"Wewe si mgeni, mwanangu."

Risiti ninayo, bei ni ile ile ya kwenye kopo. Nikiripoti kwamba duka haliongezi, sitakuwa nimedanganya. Lakini ile nyongeza niliisikia ikianza kutajwa...

Walinichagua kwa sababu natoka huku, ili watu wasinishtukie. Na kweli, hakuna anayenishtukia. Kesho nina duka jingine, na naogopa kwamba huko nako watanipokea vizuri.