Kinu Kimebaki Makere

Makere, Kasulu
9 Machi 2025

Kwa mdogo wangu Therese,

Salamu nyingi. Hujambo, na shemeji Séverin, na mwanangu Chantal? Sisi wazima, ila mgongo wangu ni ule ule unaoujua.

Tangu mtoke kambini Nyarugusu mkarudi kwenu Kongo, nyuma ya duka langu pamepoa. Siku za gulio nilikuwa nakusikia ukitwanga sombe, kisamvu chenu cha Kongo, kabla sijafungua mlango, na majirani wanakuja na sahani bila kualikwa. Sasa wananisalimia kwa mbali, walafi wale! Na wewe nawe, kinu umeniachia, mchi umeondoka nao. Nitwange kwa kiwiko?

Barua anayo Saady, yule anayevusha vitenge ziwani. Mpe jibu.

Dada yako,
Mwamvua

Fizi
2 Juni 2025

Dada Mwamvua,

Asanti, nimecheka mpaka nikalia. Pole na mgongo. Sisi tunapumua.

Mchi aliuchonga marehemu baba yangu, nisingeuacha. Tena kinu na mchi vikitengana, wenyewe watatafutana.

Nyumbani si kama nilivyopaota. Mahindi yamekubali, watu ndio wamegeuka. Vijana wenye bunduki wameweka bariyeri njiani, wanauliza kabila kwanza, jina baadaye. Juzi jirani ninayegawana naye chumvi aliniuliza, "Therese, bwana yako ni mutu wa wapi?" Kambini tuligombana kila siku kwenye foleni ya maji, lakini hakuna aliyemuuliza Séverin neno hilo. Nilikuwaka naililia Kongo, dada. Sasa naililia Nyarugusu.

Mdogo wako,
Therese

Makere
20 Juni 2025

Mdogo wangu,

Salamu baadaye. Rudini! Chumba cha nyuma nimekifagia. Shamba halina miguu, mtalikuta. Usinijibu kwa barua, nijibu kwa kubisha hodi.

Dada yako,
Mwamvua

Fizi
11 Septemba 2025

Dada,

Nakuombea uzima. Yule jirani wa chumvi ametusema kwa wale vijana wa bunduki. Wamekuja kumtafuta Séverin, wakachoma jiko na ghala. Yeye nimemficha. Bariyeri hawezi kupita, sura yake inataja kabila lake, nami siwezi kumwacha. Chantal amechukua sura yangu, atapita na akina mama wa sokoni, kisha Saady atamvusha. Mpokee mtoto wako. Nimempa mchi, asije mikono mitupu.

Naogopa, Mwamvua.

Mdogo wako,
Therese

Makere
5 Oktoba 2025

Mdogo wangu Therese,

Hujambo? Nakuuliza kwa moyo wote, hujambo? Na shemeji?

Chantal amefika. Amekonda, lakini mzima. Mzigo hana, ameshika mchi tu. Jana alilala kutwa nzima, na leo, siku ya gulio, akaniomba majani ya muhogo.

Alipoanza kutwanga, Shadia wa cherehani akaja mbio na sahani, na wengine nyuma yake. "Therese karudi?" Wakamkuta mtoto. Wakabaki wamesimama na sahani zao, na yeye hakuinua macho. Alipochoka nikamshika mkono, nikatwanga mimi. Kumbe mchi huu ni mzito hivi, nawe ulikuwa unauchezea kama mwiko! Nimelia mbele ya watu, Therese, bila haya.

Sombe tuliipika kwa mawese, kama yako, na wote walikula. Sahani yako na ya shemeji nimezifunika mezani.

Saady havuki tena, anasema njia imefungwa. Barua hii sina wa kumpa. Naiweka ndani ya kinu.

Dada yako,
Mwamvua